Pasi Juu ya Santuri

Mume wangu Bashiri alikuwa mwoga, na sisemi hivi kwa kumsengenya, maana hata yeye mwenyewe alikuwa akisema. Aliogopa nyoka, aliogopa radi za Mlima Hanang, aliogopa madume ya ng'ombe yakipitishwa kwenda mnadani, na kuliko vyote aliogopa karatasi yenye mhuri. Wanawake wenzangu pale Katesh walinitania kwamba nimeolewa na sungura. Nikawajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Hofu ya karatasi, hata hivyo, ilikuwa na sababu yake. Sisi tulikuwa watu wa kuja. Yeye Mrangi wa Kondoa, mimi Mnyaturu wa Singida, tuliingia Katesh mwaka wa hamsini na tatu, yeye na cherehani ya mkono kichwani, mimi na mwanetu Yahaya mgongoni. Mfanyabiashara mmoja, Tawakali, alitupa nafasi kwenye baraza ya duka lake. Ruhusa ya kukaa ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Kiwanja tuliomba mara mbili, hatukujibiwa. Na mwaka ule ule tuliofika, fundi mmoja wa Dongobesh alibishana na mzungu juu ya suruali iliyobana, akaambiwa kesho jua lisizame yeye akiwa bado wilayani. Tuliiona familia yake ikipita barabarani, mke amebeba meza ya kukatia nguo kichwani, fundi nyuma yake na cherehani. Bashiri aliwatazama mpaka wakapotea kwenye vumbi. Tangu siku hiyo, mzungu akisimama barazani kwetu hata kuuliza kifungo, mume wangu jasho lilimtoka kwapani.

Sasa, mwaka wa hamsini na nane alikuja mzungu wa kuchimba visima vya kunyweshea ng'ombe kule tambarare. Watu tulimwita Bwana Visima. Nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya Katesh, na alikuwa na jenereta, na mke, na mpishi. Mpishi alikuwa Mzee Nikolausi, Mwiraqw wa Tlawi, mtu wa makamo, mkristo, mpole, mwenye kunyoosha shati lake hata siku ya kuchinja kuku. Alikuwa rafiki yetu. Kila Jumatano alipokuja sokoni alikunywa chai barazani kwetu, na Bashiri alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kaka mkubwa.

Memsahibu, mke wa Bwana Visima, alitaka gauni la kwenda nalo kwenye sherehe Arusha. Tuliitwa nyumbani kwake kupima. Nasema tuliitwa, kwa sababu Bashiri asingethubutu kuweka futi kwenye kiuno cha mke wa mtu, sembuse cha mzungu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapima wanawake, na yeye akisimama mlangoni ameelekea ukutani, akiandika namba ninazomtajia. Ndiyo ilikuwa desturi yetu.

Siku hiyo santuri ilikuwa ikiimba. Nilizoea jazi ya magitaa, ile ya vijana wa dansi. Hii ilikuwa nyingine. Mwanamke aliimba polepole, kama mtu anayekusimulia jambo lake jikoni huku anachambua mboga, na nyuma yake ngoma ilisuguliwa kwa kitu kama ufagio badala ya kupigwa, na tarumbeta ilisikika kwa mbali. Kisha ukaja wimbo uliochangamka, mwepesi, wa aina ambayo redio huurudia mpaka watoto wanaushika bila kujua maneno yake. Nikasahau kutaja kipimo cha bega. Mzee Nikolausi alitueleza baadaye kwamba ile ni santuri kubwa ya mtindo mpya, nyimbo kumi na mbili, sita upande huu na sita upande wa pili. Wazee wa jazi wanaipenda, na wasichana wa Ulaya wanaocheza nyimbo za redio wanaipenda vilevile, kwa hiyo ikifika madukani haikai. Memsahibu aliletewa na dada yake. Bwana akiwa porini wiki mbili, alisema mzee, yule mwimbaji ndiye anayekaa naye.

Jumatatu gari lilisimama mbele ya duka, Bwana na memsahibu wakiwa safarini kwenda Basotu kwenye mitambo. Memsahibu alishuka na jalada la santuri ile. Mbele yake kulikuwa na picha ya yule mwimbaji amevaa gauni la kijani, kiuno kimebanwa, mabega wazi, marinda yamemwagika mpaka chini. Akasema anataka hilo, hilo hasa, na mkunjo huu hapa begani. Alikuwa akiondoka kwa siku tano. Mzee Nikolausi, aliyekuwa ameshushwa hapo kununua vitunguu, angepita Ijumaa kuchukua gauni na jalada. Kabla hajapanda gari memsahibu alimwuliza mzee kama ameitoa santuri ndani ya jalada. Mzee akajibu ndiyo, memsahibu. Wapishi wa wazungu hujibu ndiyo kabla swali halijaisha, ndivyo kazi yao inavyowafunza.

Nani kati yetu angechungulia? Jalada la mzungu halichunguliwi. Bashiri alilishika kwa ncha za vidole, akalilaza kwenye kona ya meza, akaanza kukata karatasi za gauni.

Mtu asiyeijua Katesh hawezi kuujua upepo wa Katesh. Unashuka mlimani mchana, unazunguka, unachukua kila kitu kisicho na mwenyewe. Fundi anayefanya kazi barazani pale lazima awe na vizito, na kizito cha Bashiri, kama cha mafundi wote, kilikuwa pasi. Ukimaliza kunyoosha unamwaga mkaa, unaiacha pasi ipoe kidogo, unaiweka juu ya karatasi zako. Ndivyo alivyofanya tangu ujana wake, bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Jumanne mchana upepo uliliinua lile jalada. Bashiri alilidaka likiwa linaelekea barabarani, akalirudisha mezani, akaweka kipande cha kitambaa cha marekani juu yake ili lisichafuke, na juu ya marekani akaweka pasi. Mkaa alikuwa ameumwaga muda mfupi tu. Kisha akaingia msikitini kuswali alasiri.

Aliporudi aliinua pasi, akatoa kitambaa, akakuta jalada ni zima, halikuungua hata ukingoni. Ila picha ilikuwa imebonyea, kana kwamba yule mwanamke amekaliwa. Akalibonyeza kwa kidole. Ndani kulikuwa na kitu.

Aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nilitoka na unga mikononi. Santuri ilikuwa mezani, nyeusi, inang'aa, na katikati ya mistari yake kulikuwa na mbonyeo wenye umbo la pasi, na ukingo wake umejikunja kama sikio la mbuzi. Tulizijua santuri za zamani, zile zinazovunjika kama sahani ukiziangusha. Hatukujua kama kuna zinazolegea kwa joto.

"Mama Yahaya," aliniambia, "nimekwisha."

Sasa nitasema alichofanya, na msimcheke, kwa sababu fundi cherehani akiona kitu kimejikunja ana dawa moja tu. Aliwasha mkaa upya. Alilowesha marekani, akaikamua, akaitandaza juu ya santuri, akaipiga pasi taratibu, kwa uangalifu wote, kama anavyonyoosha kola ya kanzu ya harusi. Mimi nilishika ukingo usisogee. Alipofunua, ilikuwa imenyooka. Kwa muda wa kumeza mate tulifurahi. Kisha akaiinamisha kwenye mwanga. Pale pasi ilipopita, mistari ilikuwa imefutika, na mahali pake pamechapwa nyuzi za marekani, msalaba kwa msalaba, unaweza kuzihesabu.

Bashiri alikaa chini sakafuni.

Siku zilizofuata nilijua hofu inavyoweza kula mwili wa mtu. Hakuweza kupitisha uzi kwenye sindano, nilimpitishia mimi. Gari likinguruma mbali upande wa Basotu aliacha kazi, akasikiliza mpaka likapita. Hakula. Alikunywa chai tu. Jumatano Mzee Nikolausi hakuja sokoni, na hilo nalo tuliliogopa. Siku hiyo hiyo adhuhuri tarishi wa boma alishuka kwenye baiskeli mbele yetu, kofia kichwani, mfuko begani, akaja moja kwa moja. Nilimwona mume wangu akisimama, akishusha mikono yake kama mtu aliyekwisha kukamatwa. Tarishi akatoa kaptura yake iliyopasuka makalioni, akaomba aishonewe upesi. Bashiri aliishona bila kuipokea salamu yake.

Jioni alianza kufungua bawaba za cherehani aipakie. Alisema tuondoke kwa miguu, tupite kwa Wabarabaig mpaka Singida kwetu, kabla ya Jumamosi. Nilimwambia mtu anayekimbia amekiri, na anayekiri atafuatwa hata Singida. Yeye akavaa viatu, akasema basi aende Basotu akamweleze memsahibu mwenyewe, aseme ni bahati mbaya, kwamba aliambiwa jalada ni tupu. Na kweli alikuwa na haki ya kusema hivyo. Shahidi nilikuwa mimi.

Hapo ndipo nilipomzuia. Lazima niliseme wazi, kwa sababu miaka yote watu wamenihurumia kwa kuolewa na mwoga. Nilimwambia fundi wa Dongobesh naye alikuwa na haki. Nilimwambia atazame watoto wake watatu, na wa nne nilikuwa nimembeba tumboni. Nilimwambia airudishe santuri ndani ya jalada, alishone gauni lile liwe zuri mpaka memsahibu asione kitu kingine, na akiulizwa aseme hakufungua. Mimi nilikuwa na hofu kuliko yeye. Tofauti yetu ni kwamba yangu ilikuwa na mdomo.

Basi akashona. Sijapata kuona gauni kama lile. Mkunjo wa begani aliufumua mara nne.

Ijumaa Mzee Nikolausi alifika na baiskeli. Aliamkiwa, akaitikia, akakataa chai kwa sababu alikuwa na haraka. Alilisifu gauni. Kisha akachukua jalada, na mkono wake ukashuka kidogo. Akalipima uzito. Akachungulia ndani, akavuta ile santuri nusu, akaitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona macho yake yakienda kwenye ile santuri, yakaja mezani, kwenye pasi, kwenye kipande cha marekani kilichokuwa chini yake, yakarudi kwa mume wangu.

"Fundi, humu kulikuwa na kitu?"

"Sijafungua," Bashiri alisema.

 Mzee akalifunga jalada ndani ya gazeti, akalibana kwenye baiskeli, akaaga.

Jumapili habari ilifika sokoni kabla ya kanisa kutoka. Memsahibu alikuwa ameweka santuri yake jioni ile aliyorudi, na yule mwimbaji akaimba kama mlevi, akapanda, akashuka, kisha sindano ikakwama, ikarudia neno moja, neno moja. Alilia, walisema. Bwana aliuliza nani. Mpishi akasema ni yeye, kwamba aliitoa ndani ya jalada kama alivyoagizwa, akaisahau juu ya jiko. Bwana Visima alisema si ajali, ni ukaidi, na kwamba mtu aliyeharibu mali ya tajiri wake hataachiwa hivi hivi. Mzee aliwekwa kwenye baraza ya korti kungoja shauri lisikilizwe Jumatano.

Nilidhani mume wangu atatulia kwa kuwa hatari imepita mlango wa jirani. Hakutulia. Alikuwa na kaptura za askari za kupeleka bomani, na njia ni moja, inapita mbele ya baraza ile. Jumatatu alipita. Mzee Nikolausi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, shati lake bado limenyooka. Bashiri alisema shikamoo. Mzee akasema marahaba, fundi. Hakuna zaidi. Jumanne alipita tena, akasema tena, akaitikiwa tena. Jumatano alipita asubuhi, akiwa amebeba furushi lile lile ambalo alikuwa ameshindwa kulikabidhi, na aliporudi nyumbani lilikuwa bado mikononi. Mchana ule mzee alipewa miezi miwili ya kuvunja mawe barabarani, na kipande chake cha kazi kikaandikwa maneno ambayo hakuna mzungu angeyasoma akamwajiri tena.

Memsahibu alirudi kutoka Arusha na furaha. Alikuja mwenyewe barazani, akamshika Bashiri mkono mbele ya watu, akasema kila mwanamke kule aliuliza jina la fundi. Alileta kitambaa cha magauni mengine mawili. Akauliza anaishi wapi, akashangaa kwamba hana nyumba. Wiki tatu hazijapita, karatasi ya kiwanja ikaja, ina mhuri, ina jina la mume wangu. Aliishika kama mtu anayeshika nyoka, akanipa mimi nikaiweka. Ni kiwanja hiki. Nyumba hii ninayokalia ilisimama hapo.

Watu walitupongeza. Bashiri alikonda. Aliniambia kwamba sasa anaogopa kitu kimoja tu, siku ile miezi miwili itakapoisha.

Iliisha. Mzee Nikolausi alikuja mchana, jua la saa saba, akiwa njiani kurudi Tlawi, na fimbo, na mfuko mdogo. Alikuwa amezeeka. Mikono yake, iliyokuwa ikikanda mkate wa wazungu, ilikuwa imepasuka. Tulikuwa tumehamia kwenye chumba cha kwanza cha nyumba, na mlangoni nilikuwa nimetundika pazia. Nilipomwona anakuja kutoka mbali niliingia nyuma ya pazia hilo.

Bashiri aliweka kiti. Akasema shikamoo, mzee, na safari hii alipiga goti, mtu wa miaka thelathini na mitano. Kisha maneno yakamtoka yote kwa mara moja, pasi, marekani, jinsi alivyojaribu kuinyoosha, uongo wa Ijumaa. Hakuruka kitu.

Mzee alimwacha amalize. "Nilijua," akasema. "Nyuzi za kitambaa chako niliziona. Mimi nilisema nimeitoa, na sikuitoa. Hilo ni langu. Pasi haikuwa yangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Mimi ni mwenyeji. Wakinifukuza, wananifukuza kazi tu, nina shamba Tlawi, nina ndugu. Wewe wangekufukuza na watoto." Alisugua goti lake. "Lakini siku tatu nilikaa pale barazani, fundi. Nilikuwa nakungoja. Si ili uchukue kifungo. Uje tu useme mbele yao, na mimi niseme, tugawane. Ulipita mara tatu."

"Niliogopa, mzee."

"Hata mimi niliogopa."

Nilisikia kuku wakiparua nje. Nilijua sasa ni zamu yangu, kwamba kinachobaki ni kufungua pazia, nisimame mbele ya yule mzee niseme kwamba mume wangu alitaka kwenda Basotu jioni ile ya Jumatano, kabla gauni halijashonwa, kwamba viatu vyake vilikuwa mguuni, na aliyemvua ni mimi. Nililishika pazia.

Mzee Nikolausi aliuliza, kwa upole wake ule ule, "Na mama? Yeye alijua?"

Nilimwona mume wangu kupitia kwenye upenyo. Hakugeuka kutazama nilipo. Mikono yake ilikuwa imetulia magotini, na macho yake yalikuwa kwenye macho ya mzee.

"Hapana," alisema. "Mama hakujua kitu. Ni mimi peke yangu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akachukua fimbo yake, akamwomba Mungu aibariki nyumba. Bashiri alimsindikiza mpaka njia panda ya Dongobesh. Waliondoka wawili wakitembea polepole, na mimi nikabaki nyuma ya pazia. Sikutoka.